Mtaalamu anajibu: Natembea kila asubuhi, mbona sioni kitu?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Tanga. Kwa ushauri wa daktari hutembea kila asubuhi, nikipita kwenye michungwa iliyo nyuma ya nyumba, kisha kwenye shamba la zamani la minazi, hadi ukingoni mwa mikoko. Mara nyingi hufuatana na jirani yangu, mzee ambaye baba yake alikuwa mkwezi. Yeye husimama kila baada ya hatua chache: mara kiota, mara nyayo, mara jani lililokatwa. Mimi naona miti na mchanga tu. Macho yangu yamepimwa na hayana kasoro. Nimenuia kununua darubini na kitabu cha ndege, lakini kabla sijatumia fedha nataka kujua ninakosa nini, na kama jambo hili hufunzwa. (Bi. Z., Tanga)

JIBU: Shikamoo, Mama. Jambo hili hufunzwa, na ninaamini kwamba kinachokukosesha si macho wala kipaji, bali ni shughuli. Jirani yako amekulia katika nyumba ambayo riziki yake ilitegemea kujua, kabla ya kuukumbatia mnazi, kama juu kuna majimoto, wale sisimizi wakali wanaoshona viota vya majani, au hakuna. Aliyekosea kusoma dalili hizo alishuka akiwa ameumwa mwili mzima. Kwa hiyo macho yake yalipewa kazi tangu utotoni, na macho yenye kazi huona. Yako yamepelekwa matembezini bila kuagizwa chochote, na ndiyo maana yanarudi mikono mitupu.

Wanaochunguza namna binadamu anavyoona wamelionyesha jambo hili kwa njia iliyo wazi. Mwaka 1999 watafiti Daniel Simons na Christopher Chabris wa Chuo Kikuu cha Harvard walitangaza matokeo ya jaribio ambalo watu waliombwa kutazama filamu fupi ya vijana wanaorushiana mpira na kuhesabu pasi za timu moja. Katikati ya filamu hiyo mtu aliyevaa vazi la sokwe alipita mbele ya kamera, na karibu nusu ya watazamaji hawakumwona kabisa, ingawa alikuwa mbele ya macho yao. Hata ndege wako hivyo. Mtafiti wa Uholanzi, Luuk Tinbergen, ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1960 baada ya kifo chake, alichunguza ndege wanaolisha makinda yao viwavi, akagundua kwamba aina mpya ya kiwavi inapoanza kujitokeza msituni ndege huipita kana kwamba haipo, halafu ikishaongezeka kiasi huanza ghafla kuikamata kwa wingi. Alieleza kwamba ndege hujifunza sura ya kile anachokitafuta, na akishaijua hukiona kila mahali. Ninachokushauri hapa chini kimejengwa juu ya jambo hilo moja.

Ushauri wenyewe ni huu: usitafute viumbe, tafuta kazi zao. Mtu anayetoka asubuhi akitaka kuona wanyama na wadudu huvunjika moyo haraka, kwa sababu viumbe wengi ni wadogo, wengi hutoka usiku, na karibu wote humwona yeye kabla hajawaona wao. Kazi zao hazikimbii. Jani lililotobolewa leo litakuwepo kesho, udongo uliofukuliwa hubaki ulipo, na kidaka, yaani nazi changa kabisa, kilichoanguka kitakungoja chini ya mnazi. Kila unapokuta kitu kilichokatwa, kilichochimbwa, kilichoviringishwa, kilichoshonwa au kilichorundikwa, simama na uulize nani amekifanya na amekifanya lini. Ukishazoea kuuliza hivyo, wenye kazi wataanza kujitokeza mmoja baada ya mwingine bila wewe kuwawinda.

Anzia kwenye michungwa, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mlango wako. Tazama majani machanga, yale ya kijani hafifu yaliyo kwenye ncha za matawi. Kwenye baadhi yake utakuta mstari wa rangi ya fedha unaopindapinda chini ya ngozi ya jani. Huo ni mtaro uliochimbwa na buu la nondo ambaye ni mdogo kuliko punje ya mchele. Mama yake alitaga yai juu ya jani, na buu likaingia ndani kula bila kutoboa upande wa pili. Sasa ufuate mstari huo kwa jicho tangu mwanzo: utauona ni mwembamba mno, kisha unapanuka kidogo kidogo, kwa kuwa mchimbaji alikuwa akikua kadiri alivyokuwa akila. Katikati ya mtaro kuna mstari mweusi, ambao ni kinyesi chake. Mwishoni, mara nyingi kwenye ukingo wa jani, utakuta pamekunjwa kidogo, na hapo ndipo alipojifungia ili ageuke nondo. Kwa hiyo umeshika mkononi maisha yote ya mdudu, tangu kuanguliwa hadi kuondoka, na wakulima wa machungwa wa Muheza wanaolalamikia majani yaliyojikunja wanalalamikia maandishi hayo hayo.

Kwenye michungwa hiyo hiyo kuna jambo lingine linalohitaji uangalifu zaidi. Jani lililoliwa kutoka ukingoni kuelekea katikati si kazi ya yule mchimba mitaro. Limeliwa na mwenye meno makubwa, na mara nyingi bado yuko hapo hapo. Tafuta kitu kinachofanana na kinyesi cha ndege, cheusi chenye mabaka meupe, kimelala juu ya jani. Kiguse kwa kijiti. Kama ni kinyesi, hakitajibu. Lakini kama ni kiwavi mchanga wa kipepeo mkubwa mweusi na manjano anayeonekana sana kwenye bustani zetu, kitatoa nyuma ya kichwa kiungo chenye pande mbili, cha rangi ya chungwa, na utasikia harufu kali. Akishakua huvua sura hiyo ya kinyesi na kuwa wa kijani, ukalazimika kumtafuta upya kwa sura mpya. Wakulima wa vijiji vinavyopakana na msitu wa Amani, huko juu kwenye milima ya Usambara Mashariki, waliwahi kuufanya ujuzi huu kuwa biashara: walifuga vipepeo na kuuza mabundo yao hai, yaani hatua iliyo kati ya kiwavi na kipepeo, kwa nyumba za maonyesho za ng'ambo, na kabla ya kuuza walilazimika kujua kila kiwavi anakula mti gani. Watu waliokuwa wakipita kwenye miti ile maisha yao yote walianza kuona viwavi pale viwavi vilipokuwa na maana kwao.

Sasa tuingie kwenye minazi, na hapa nitakawia, kwa sababu shamba la zamani la minazi ni darasa ambalo watu wengi wa pwani wanalipita bila kuvua viatu. Usianze kwa kutazama juu. Tazama chini, uokote vidaka vilivyoanguka kabla ya kufikia hata udafu. Baadhi huanguka kwa sababu ya ukame au kwa sababu mti umezaa kuliko uwezo wake, na hivyo ni safi. Lakini vingine vina makovu yaliyobonyea, na pengine utomvu ulioganda. Huyo ni mdudu mfyonzaji aliyechoma kidaka kwa mdomo wake mrefu, akaingiza mate yanayoua sehemu hiyo, na kidaka kikadondoka. Ukikuta vidaka vingi vya namna hiyo chini ya mnazi mmoja na hakuna hata kimoja chini ya mnazi wa jirani yake, hapo ndipo pa kuinua kichwa.

Kwenye mnazi ambao hauangushi vidaka, aghalabu utaona majani yaliyounganishwa kwa kitu cheupe kama pamba: hicho ni kiota cha majimoto. Ukibahatika kukuta kiota kinajengwa, kwenye mnazi au kwenye mwembe ulio karibu, usiondoke upesi. Wafanyakazi hushikana viuno na kutengeneza minyororo hai inayovuta majani mawili hadi yakutane, kisha wengine huleta mabuu yao kutoka kiota cha zamani, wakiyashika kwa taya, na kuyapitisha huku na huku kwenye ufa. Uzi unaoshona majani hautoki kwa mshonaji. Unatoka mdomoni mwa mtoto anayebebwa. Kiota cha majani mabichi ni cha hivi karibuni, na cha majani makavu huenda kimeshahamwa, kwa hiyo hata rangi tu inakujibu swali la lini.

Majimoto huwala na kuwafukuza wafyonzaji wa vidaka. Jambo hili lilichunguzwa Zanzibar katika miaka ya 1950 na mtaalamu wa wadudu, M. J. Way, na yule mfyonzaji hata akapewa jina la kitaalamu linalotokana na jina la mtafiti huyo. Wakwezi wa pwani, kwa upande wao, walikuwa na sababu nzuri za kuwachukia majimoto, na hapo kuna mvutano ambao haujaisha hadi leo: mdudu anayelinda nazi ya mwenye shamba ndiye anayemtesa anayeiangua. Mwulize jirani yako baba yake alisemaje kuhusu hilo. Ninashuku utapata maelezo marefu kuliko yangu.

Bado kuna tabaka moja chini yake. Ukiuona mnazi usio na majimoto wakati jirani zake wanao, inama kwenye shina, pale linapoingia ardhini. Ukikuta udongo laini uliorundikwa kuzunguka mizizi, na ndani yake sisimizi wadogo wa kahawia ambao baadhi yao wana vichwa vikubwa visivyolingana kabisa na miili yao, umepata sababu. Sisimizi hao hujenga ardhini, huwavamia majimoto wanaposhuka, na hatimaye huwafukuza kwenye mti wote. Na kwa kuwa hawamsumbui mfyonzaji kama majimoto wanavyomsumbua, vidaka huanza kuanguka. Kwa hiyo kidaka chenye kovu ulichookota njiani kimekuongoza hadi kwenye ugomvi wa koo mbili za sisimizi, na hujahitaji darubini.

Usidhani kwamba mambo haya ni madogo kwa sababu wahusika ni wadogo. Sisimizi wa aina hiyo hiyo ya vichwa vikubwa wameingia Laikipia, nchini Kenya, ambako wanawaangamiza sisimizi wenyeji wanaoishi ndani ya vinundu vya migunga na kuilinda dhidi ya tembo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba mahali walipoingia, tembo walivunja migunga kwa wingi, uwanda ukawa wazi, na simba, ambao humvizia punda milia kwa kujificha kwenye vichaka, wakawa wanashindwa kumkamata kwa urahisi kama zamani, wakageukia zaidi nyati. Mawindo ya simba yalibadilishwa na mdudu ambaye mtu anaweza kumkanyaga bila kujua.

Kuhusu wakati na mwanga, una bahati kwamba unatoka asubuhi. Jua likiwa chini, kila unyayo na kila kishimo kwenye mchanga hutupa kivuli, na umande huonyesha tando za buibui ambazo saa nne hazitaonekana tena. Wafuatao nyayo hujiweka mahali ambapo unyayo uko kati yao na jua. Ukiupa jua mgongo, alama ile ile hupotea. Jaribu papo hapo kwa kuuzunguka unyayo mmoja. Asubuhi pia ndiyo saa ya kusoma kazi za usiku. Kama kuna mbuyu kwenye njia yako, pita chini yake katika majira yake ya maua, uangalie maua makubwa meupe yaliyotapakaa chini: yalifunguka jana magharibi, popo wakala nekta na kubeba chavua, na kazi ikaisha kabla wewe hujaamka. Kwenye vumbi kavu lisilofikiwa na mvua, chini ya upenu au chini ya mti mnene, utaona vishimo vya duara vyenye ncha chini. Chini ya kila kimoja amejifukia buu anayengoja sisimizi ateleze, na akiteleza humrushia mchanga ili asipande. Watoto wa kila mtaa wana jina lao la mdudu huyo, na kila mtoto anajua kumwita kwa jani la nyasi.

Mikoko inataka somo lake lenyewe, nami nitagusa mambo machache tu. Mtafute kwanza mchu, ambao mizizi yake ya kupumulia imesimama wima kwenye tope kuuzunguka, uguse jani lake kwa ulimi. Utaonja chumvi, kwa kuwa mti huo huingiza maji ya bahari na kutoa chumvi kupitia vinyweleo vya majani. Siku ya jua kali chembe zake huonekana kwa macho. Kisha tazama mashina. Kuna konokono wa mikokoni ambao maji yakiwa yamekupwa hushuka kula kwenye tope, na kabla maji hayajarudi hupanda tena juu ya shina. Hawangoji kuguswa na maji. Hupanda mapema, jambo ambalo limechunguzwa kwa miaka mingi kwenye hori ya Mida, karibu na Watamu, nchini Kenya. Ukiona tope limekauka kabisa lakini konokono wamo safarini kuelekea juu, ujue bahari inakuja.

Mchangani, kaa wadogo wenye gando moja kubwa huacha vidonge vya mchanga vilivyopangika kuzunguka mashimo yao, kila kidonge kikiwa ni tonge lililochujwa chakula na kutupwa. Wenye gando kubwa ni madume, nao hulisha kwa gando dogo pekee; majike hutumia yote mawili. Uzuri wa mahali hapa, na wewe kama mwalimu utauthamini, ni kwamba bahari inafuta ubao mara mbili kwa siku. Kila kidonge unachokiona chini ya mstari wa maji kimefanywa tangu maji yalipoondoka, kwa hiyo swali la lini linajijibu lenyewe. Na kwa kuwa maji hukupwa kwa kuchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, wewe unayefika pale saa ile ile utakuta hali tofauti kila asubuhi, hadi bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, irudi na mzunguko uanze upya.

Mwendo nao una sehemu yake. Daktari amekuagiza utembee, na sitaki kumpinga. Basi nenda kwa mwendo wake njia nzima, lakini jichagulie vituo vitatu visivyobadilika, mchungwa mmoja, mnazi mmoja na kipande kimoja cha ukingo wa mikoko, usimame hapo kila siku kwa dakika chache. Kuzoea mti mmoja kunafaa kuliko kupitia miti mia, kwa kuwa jicho huona badiliko pale tu linapojua hali ya jana. Usiingize mkono kwenye shimo lolote, usisimame chini ya kiota cha majimoto ukiwa umevaa kanga iliyolegea, na ukiona kichaka chenye maganda ya manyoya yenye rangi ya dhahabu, mpishe, maana huo ni upupu. Na mzee wako unapofuatana naye, usimwulize hiki ni nini. Mwulize amejuaje. Swali la kwanza litakupa jina. La pili litamlazimisha akuonyeshe dalili, na dalili ndiyo unayoitaka.

Kuhusu fedha zako: darubini iache kwa sasa. Ni chombo kizuri kwa vitu vilivyo mbali, na tatizo lako liko kwenye vitu vilivyo karibu. Nunua lenzi ndogo ya mkononi inayokuza mara kumi. Wengi huitumia vibaya kwa kuishika mbali na uso. Iweke karibu kabisa na jicho, kisha ulete jani taratibu hadi lionekane wazi. Nunua pia daftari la kawaida na penseli, ukirudi uandike tarehe, hali ya maji, na kazi moja tu uliyoiona, pamoja na mchoro hata kama ni mbaya. Simu inapiga picha nzuri, lakini nimeona mara nyingi kwamba anayepiga picha huacha kutazama papo hapo, wakati anayechora hulazimika kuhesabu miguu. Kitabu cha ndege kisubiri hadi daftari lenyewe likuonyeshe ni nini kilichokushika. Huenda ikawa ndege kweli, huenda ikawa konokono, na kwa kuwa vitabu vya konokono wa pwani yetu ni adimu, ni vyema ulijue hilo kabla hujafika dukani.